Joto linapojificha ndani ya plastiki

Kuna maneno mawili ambayo yakikutana kwenye kichwa cha habari huleta mkanganyiko: plastiki na nishati. Siku hizi yanakutana mara nyingi. Utasoma kuhusu polima endelevu za kuhifadhi joto, kuhusu "betri ya joto" iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea, kuhusu ukuta unaomeza joto mchana na kulitema usiku. Halafu ubishi unaanza. Mmoja anasema hiyo ni thamosi tu iliyopewa jina jipya. Mwingine anauliza plastiki itakaaje na joto bila kuyeyuka. Wa tatu anajua plastiki ni uchafuzi, kwa hiyo neno "endelevu" kwake ni mzaha.

Kila mmoja ana sehemu yake ya ukweli. Aliyekaribia kiini cha jambo kuliko wenzake ni yule wa pili, ingawa mwenyewe hajui: ndani ya nyingi za plastiki hizi kuna kitu kinachoyeyuka kweli, na kuyeyuka ndiyo kazi kiliyopewa.

Tuanze na thamosi, tuiondoe njiani. Thamosi haihifadhi joto, inalizuia lisitoroke. Joto limo ndani ya kimiminika ulichotia. Kimimine, utabaki na chupa tupu isiyo na joto la kumpa mtu. Povu la plastiki lililojazwa kwenye kuta za jokofu hufanya kazi hiyohiyo ya kuzuia. Kizuia joto ni mlango, kihifadhi joto ni ghala. Makala haya yanahusu ghala. Ghala lisilo na mlango mzuri huvuja, ndiyo maana vitu hivi viwili huonekana pamoja na watu huvichanganya.

Jambo la pili ni la lugha, na Kiswahili chetu cha kila siku kinatuponza kidogo. Tunasema "joto limefika nyuzi 35", lakini nyuzi hupima halijoto, yaani ukali wa joto. Joto lenyewe ni nishati, na nishati ina kiasi. Sindano iliyoshikwa kwenye moto hadi ikawa nyekundu ina halijoto kubwa kuliko beseni la maji vuguvugu. Itumbukize kwenye beseni hilo: itatoa mlio mfupi, na maji hayatahisi chochote. Sindano ilikuwa kali lakini maskini. Beseni ni pole lakini lina akiba.

Sasa weka kipande cha barafu kwenye glasi ya maji, kisha ukoroge. Barafu inapoendelea kuyeyuka, maji yanakaa karibu na nyuzi sifuri. Joto la chumba linaingia glasini kila sekunde, na kipimajoto hakisogei. Linakwenda wapi? Linatumika kuvunja mpangilio wa barafu, kuzing'oa molekuli za maji kutoka kwenye safu zake ili zianze kutiririka. Hadi kazi hiyo iishe, halijoto haipandi. Mwanasayansi wa Uskoti, Joseph Black, aliliona jambo hili miaka ya 1760 alipokuwa Chuo Kikuu cha Glasgow, akaliita joto fiche, kwa kuwa limejificha na kipimajoto hakilioni.

Kiasi chake si kidogo. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji kilojuli 334. Joto hilohilo lingetosha kuipasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80. Na yanapoganda, maji huirudisha nishati hiyo yote. Huo ndio msingi wa teknolojia nzima: tafuta kitu kinachoyeyuka kwenye halijoto unayoitaka wewe, kiache kiyeyuke wakati joto ni la ziada, kisha ukiache kigande wakati joto linahitajika. Barafu hufanya hivyo kwenye nyuzi sifuri. Mwili, chumba, simu na tangi la maji ya kuoga vinataka nyuzi nyingine.

Hapa ndipo matangazo hupenda kutia chumvi, kwa hiyo tufanye hesabu. Kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi 1 kunachukua kilojuli 4.2 hivi. Nta nzuri ya kuhifadhi joto hubeba takriban kilojuli 200 kwa kilo inapoyeyuka. Ukitaka kuhifadhi joto ndani ya nafasi finyu ya nyuzi 5, tuseme chumba kisishuke chini ya 22 wala kisipite 27, kilo ya maji itakuhifadhia kilojuli 21 tu, na nta itakuhifadhia karibu mara kumi. Lakini ukiwa na tangi unaloweza kulipasha kutoka nyuzi 20 hadi 70, maji yanafika kilojuli 210. Nta, ukijumlisha joto fiche na lile inalobeba inapopanda nyuzi hizo, bado itaongoza kwa kiasi, ila maji hayawaki moto, hayachakai na hayatoki kiwandani. Kwenye tangi la namna hiyo mimi ningechagua maji bila kusita. Joto fiche linashinda pale tu nafasi ya halijoto inapokuwa nyembamba, na anayekwambia linashinda kila mahali anakuuzia kitu.

Na tukiwa kwenye hesabu, tulimalize jina "betri ya joto". Uniti moja ya umeme, yaani kilowati-saa, ni kilojuli 3,600. Kuiweka kwenye nta kunahitaji kilo 18. Seli za lithiamu za kisasa huibeba uniti hiyo kwa kilo 4 hadi 6, tena kama umeme unaoweza kuwasha taa au kuendesha gari. Nta inatoa joto tu, tena la uvuguvugu. Hailingani na betri na haikukusudiwa kulingana nayo. Hoja yake ni nyingine: kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Nishati, karibu nusu ya nishati inayotumiwa na watumiaji wa mwisho duniani hutumika kama joto. Kuchukua joto, kuligeuza umeme, kisha kuurudisha umeme uwe joto ni mzunguko wa bure ikiwa unaweza kulitunza joto likiwa joto.

Polima inaingiaje? Polima ni molekuli ndefu iliyojengwa kwa vipande vidogo vilivyoungana kimoja baada ya kingine, kama pingili za muwa usiokwisha. Mwaka 1920 mkemia wa Ujerumani, Hermann Staudinger, alipopendekeza kwamba minyororo mirefu ya namna hii ipo kweli, wenzake wengi walimkatalia. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1953. Plastiki zote unazozijua ni polima, lakini polima nyingi si plastiki hata kidogo. Selulosi iliyo kwenye mbao na pamba ni polima. Hariri ni polima. Magamba ya kamba na kaa yamejengwa kwa polima iitwayo kitini. Ukilikumbuka hilo, maneno "polima endelevu" hayasikiki tena kama "maji makavu".

Katika kazi ya kuhifadhi joto, wakati mwingine polima ndiyo inayoyeyuka. Wakati mwingine ni mfuko unaobeba kinachoyeyuka, na wakati mwingine ni mifupa inayokishikilia. Kichwa cha habari husema "polima" bila kueleza ni ipi, na hapo ndipo wasomaji wengi hupotea.

Polima inayoyeyuka ambayo imechunguzwa sana ni polietilini glikoli, ambayo huenda umeitumia bila kujua, kwa kuwa imo katika dawa nyingi, marhamu na vipodozi. Uzuri wake ni kwamba halijoto ya kuyeyuka inategemea urefu wa mnyororo. Ile ya minyororo mifupi inayouzwa kwa namba 600 huyeyuka kwenye nyuzi 20 hivi. Ile ya namba 6000, yenye minyororo mirefu mara kumi, huyeyuka karibu na nyuzi 60. Kiwanda kinaweza kuchagua nyuzi kama fundi cherehani anavyochagua urefu wa suruali. Polietilini ya kawaida, ile ya madumu na ndoo, nayo hubeba joto fiche la kutosha, ila huyeyuka karibu na nyuzi 130, kwa hiyo inafaa kwa joto la viwandani na haifai kwa chumba.

Mara nyingi zaidi kinachoyeyuka si polima. Kwa miaka mingi imekuwa parafini, na hapa namaanisha nta nyeupe ya mishumaa, si mafuta ya taa ambayo baadhi yetu huyaita kwa jina hilohilo. Parafini hutoka kwenye mafuta ghafi ya petroli. Mbadala wake wa mimea ni asidi za mafuta: asidi ya lauriki, iliyojaa kwenye mafuta ya nazi na ya mbegu za mchikichi, huyeyuka kwenye nyuzi 44, asidi ya steariki kwenye nyuzi 69 hivi. Uwezo wao wa kuhifadhi joto hauko mbali na ule wa parafini. Kwa hiyo dai kwamba bidhaa ya mimea lazima iwe dhaifu kuliko ya petroli, kwenye jambo hili, halina msingi.

Tatizo la kweli ni jingine, tena la kawaida kabisa: kinachoyeyuka hutiririka. Huwezi kupaka nta kwenye kitambaa au kuichanganya kwenye ubao wa jasi ukatumaini itatulia mahali pake. Siku ya kwanza ya joto kali itaanza kulowesha kila kitu. Hapa polima zinaonyesha ustadi wake, na ndipo utafiti mwingi umeelekea.

Njia ya kwanza ni kuifungia nta ndani ya vidonge vidogo sana, vingi vyake vyembamba kuliko unywele. Nta inayeyuka na kuganda ndani ya kidonge, na kwa nje mtu anaona unga mkavu. Katika miaka ya 1980 shirika la anga la Marekani, NASA, lilifadhili utafiti wa kutia vidonge vya namna hii kwenye vitambaa, na baadaye nguo zake zikaingia sokoni. Kasoro ni ganda lenyewe. Maganda mengi yametengenezwa kwa plastiki ya melamini na formaldehidi. Ni magumu na hayavuji, lakini yanaweza kubakiza formaldehidi kidogo, kemikali ambayo shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka mwaka 2004 katika kundi la zinazosababisha saratani kwa binadamu. Juu ya hayo, kidonge kidogo cha plastiki kisichooza kina jina jingine: chembe ya plastiki, ileile inayolalamikiwa baharini. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya kuzuia chembe za plastiki zinazotiwa kwenye bidhaa kwa makusudi, ukaziacha nje polima zinazothibitika kuoza. Ndiyo maana watafiti wanajaribu maganda ya kitosani inayotokana na magamba ya kamba, ya jelatini, ya alginati kutoka mwani, na ya lignini, ile gundi ya asili ya mti ambayo viwanda vya karatasi huitoa kwa wingi na kwa kawaida huichoma.

Njia ya pili ni sponji. Tengeneza mwili wenye vitundu vidogo mno, uuloweshe kwa nta iliyoyeyuka, na mvuto wa vitundu utaishika nta isidondoke hata ikiwa majimaji. Selulosi ni hodari hapa, kwa kuwa nyuzinyuzi zake nyembamba zinaweza kukaushwa zikawa sponji jepesi ambalo karibu lote ni hewa. Hewa hiyo ndiyo nafasi ya nta.

Njia ya tatu ndiyo inayonivutia kuliko zote, na ndiyo ngumu zaidi kuaminika. Chukua minyororo ya polietilini glikoli, ukaifunge ncha zake kikemia kwenye kitu kisichoyeyuka, kwa mfano selulosi. Joto likija, minyororo inavunja mpangilio wake na kumeza joto kama kawaida. Lakini haiwezi kutiririka kwa sababu imefungwa. Kwa macho kitu hiki ni kigumu kabla na kigumu baada. Hakuna tone hata moja. Ni kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi: anatembea, anageuka, anaruka, lakini haondoki shambani. Na mbuzi hula kulingana na urefu wa kamba yake, methali ambayo hapa inakuwa fizikia tupu. Mnyororo uliofungwa kwa ufupi hushindwa kurudi vizuri kwenye mpangilio wake, na joto fiche hupungua. Mafundi wa fani hii wanavutana na kamba hiyo kila siku: ukiibana sana unapoteza akiba, ukiilegeza sana unarudi kwenye kuvuja.

Kasoro nyingine zipo, na ni haki kuzitaja. Nta na polima hupitisha joto polepole mno. Shaba hulipitisha takriban mara 2,000 zaidi. Ghala lako linaweza kuwa kubwa lakini mlango wake ni tundu la sindano: safu ya nje inayeyuka, ya ndani bado haijasikia habari. Dawa iliyozoeleka ni kuchanganya grafiti au mkaa laini, ila kila gramu ya mkaa ni gramu isiyohifadhi joto fiche. Nta pia huwaka moto, jambo zito kwenye kuta za nyumba. Na kuna vitu vinavyokataa kuganda kwa wakati. Erithritoli, utamu unaotumika badala ya sukari, huyeyuka karibu na nyuzi 120 na hubeba joto fiche linalolingana na la barafu, lakini ikipoa inaweza kubaki majimaji hadi chini sana ya hapo. Akiba ipo, na mwenye funguo hataki kufungua.

Uchovu nao ni kasoro kubwa, na kisa chake mashuhuri ni cha mwaka 1948 huko Dover, Massachusetts. Mwanasayansi Mária Telkes alibuni mfumo wa kupasha nyumba kwa jua peke yake, akihifadhi joto kwenye tani nyingi za chumvi ya Glauber, yaani salfeti ya sodiamu iliyoshikana na maji, inayoyeyuka kwenye nyuzi 32. Ulifanya kazi, watu wakaja kuutazama. Lakini chumvi hiyo kila inapoyeyuka hujitenga, sehemu nzito ikizama chini na maji yakibaki juu, na isipochanganyika haigandi ipasavyo. Kufika majira ya tatu ya baridi mfumo ulishindwa. Leo njia mojawapo ya kulizuia tatizo hilo ni kuikoleza chumvi kwa polima ya selulosi hadi iwe kama uji mzito, isiweze kujitenga. Polima hapo haihifadhi joto lolote. Inazuia tu ugomvi.

Sasa tufike kwenye neno "endelevu". Watu wengi, na waandishi wa habari wakiwemo, huunganisha mambo mawili: kutoka kwenye mmea na kuoza. Hayana undugu wa lazima. Brazil hutengeneza polietilini kutokana na miwa tangu mwaka 2010, nayo haiozi kuliko polietilini ya petroli, kwa sababu ni molekuli ileile. Kwa upande mwingine, polikaprolaktoni kwa kawaida hutokana na petroli lakini bakteria huila. Hata asidi ya polilaktiki, plastiki maarufu ya mahindi, inataka mtambo wa mboji wenye nyuzi karibu 58 ili ioze kwa haraka. Baharini inakaa na kukaa.

Na kuna mvutano ambao matangazo huuruka. Kitu kinachowekwa ukutani kinatakiwa kiyeyuke na kugande kila siku kwa miaka mingi. Mizunguko ya miaka 20 ni zaidi ya 7,000. Ganda linalooza kwa urahisi linaweza kupasuka mwaka wa tatu, nta ikavuja, ubao ukang'olewa na kutupwa. Kwa ukuta, basi, mimi ningemwamini anayeonyesha matokeo ya maelfu ya mizunguko kuliko anayeonyesha picha ya jani la kijani, hata kama bidhaa yake ina petroli kidogo. Kwa nguo inayofuliwa kila wiki na kuachia chembe kwenye maji machafu, hesabu inageuka: hapo kuoza ni muhimu kuliko kudumu. Na mafuta ya mimea yenyewe si malaika. Mchikichi uliopandwa mahali pa msitu uliokatwa una deni ambalo nta yake italilipa kwa muda mrefu, ikiwa italilipa.

Matumizi yasiyo na ubishi mwingi ni yale ya halijoto finyu. Chanjo nyingi zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8, na barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza inaweza kuzigandisha na kuziharibu. Pakiti iliyotengenezwa kuganda kwenye nyuzi 5 hivi hukaa katikati ya nafasi hiyo bila kuhitaji umeme njiani. Hiyo ni hifadhi ya ubaridi, lakini fizikia haibadiliki. Seli za betri za magari nazo hupenda kubaki katika nafasi ndogo ya halijoto, na tabaka la nta ndani ya mifupa ya polima linaweza kumeza joto la ghafla wakati wa kuchaji.

Ubao wa ukutani una sharti moja ambalo huonekana dogo kwenye karatasi. Nta inayoyeyuka kwenye nyuzi 26 lazima igande tena kabla ya kesho, na kwa hilo inahitaji saa kadhaa za hewa iliyo chini ya nyuzi 26 ikipita juu yake. Usiku ukishuka hadi 18 na dirisha likafunguliwa, asubuhi ghala ni tupu na tayari kupokea. Usiku ukibaki kwenye 27, alfajiri nta bado ni majimaji, na mchana unaofuata haina pa kuliweka joto. Imekuwa uzito tu ukutani. Ndiyo maana anayekuuzia ubao wa namna hiyo anapaswa akuulize usiku wa kwako hushuka hadi nyuzi ngapi kabla hajakutajia bei.